Pikipiki ya Kiti Kimoja

Kwa miaka kumi na mitano kazi ya Severino Loro ilikuwa kuziongezea chuma pikipiki za watu. Ndiyo kazi ya fundi wa boda pale Gurei, magharibi ya Juba. Boda mpya haijui kinachoisubiri. Haijui kwamba kesho itapakia abiria watatu, gunia la makaa na mbuzi aliyefungwa miguu. Basi inaletwa kwa Severino, naye anaichomelea nondo chini ya fremu, anaiongezea springi za pili nyuma, anaifungia keria pana ya kulaza hata godoro, kisha anaipiga teke kuona kama itatikisika. Haitikisiki. "Ya Severino haivunjiki," walisema madereva, na ilikuwa kweli, na sifa hiyo ilimtosha kabisa mpaka siku alipoonyeshwa picha.

Aliyemwonyesha ni Opio, mchomeleaji aliyetoka Tororo, jirani yake wa banda la pili. Katika simu ya Opio palikuwa na pikipiki kuukuu iliyovuliwa karibu kila kitu. Haikuwa na keria. Usukani wake ulikuwa mfupi, umeshushwa mpaka dereva analalia tangi, na kiti kilikuwa kimoja tu, kimeishia kwenye nundu ndogo kwa nyuma. Pikipiki za namna hiyo, picha ilisema, huitwa kafe resa.

"Wazungu iko na shida yao," Opio alisema akicheka. "Sasa hii utabeba nani?"

Severino hakucheka. Aliiomba simu, akaitazama ile picha mpaka Opio akaidai simu yake. Maisha yake yote ameona pikipiki zikitengenezwa kwa kuongeza. Hii ilitengenezwa kwa kuondoa, na ilimtia wivu, wivu wa kweli wa fundi kwa fundi. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita, amegusa pikipiki za nusu ya mji, na hapakuwa na hata moja ambayo angeweza kuinyooshea kidole akasema, hii niliiunda mimi.

Pikipiki ya kuundia aliijua ilipo. Ilikuwa Atlabara, nyumbani kwa mama yake Teresina, imeegemezwa ukutani chini ya turubai. Ilikuwa ya baba yake, marehemu Katekista Loro, aliyezunguka nayo vigango vya nje ya mji kabla Severino hajajua kusema. Vita vilipowafukuza, walikimbilia Uganda watatu juu ya pikipiki hiyohiyo: baba, mama, na Severino wa miaka minne amelazwa juu ya tangi. Katika safari ile yeye alikumbuka vitu viwili tu, joto la tangi tumboni na mikono miwili iliyopita huku na huku kwake kushika usukani. Kambini hadithi ilisimuliwa kila Krismasi, jinsi katekista alivyomtorosha mkewe na mwanawe kwa pikipiki. Baba alizikwa hukohuko Uganda. Pikipiki ilirudi Juba juu ya lori, katikati ya masufuria na magodoro, na tangu hapo haikunguruma tena.

Mama Teresina alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho huku akichambua mboga.

"Paroko ameniomba hiyo pikipiki," alisema. "Katekista wa Gurei anatembea kwa miguu, jua lote hili. Nilikuwa karibu kumpa."

"Mama, nipe mimi kwanza."

"Uifanye nini?"

"Niiamshe. Niiunde upya."

Teresina alichambua majani mengine mawili matatu. Alikuwa mwanamke mfupi, wa maneno machache, na alipoyatoa hayakurudi. "Tarehe kumi mwezi wa pili ni kumbukumbu ya baba yako," alisema. "Siku hiyo nitakwenda misani na pikipiki yake. Ikinifikisha kanisani, ni yako. Isiponifikisha, ni ya katekista. Kalas, imekwisha."

Severino alikubali haraka kabla mama hajabadili mawazo. Alikuwa amekwisha kuikokota mpaka barabara ya Gurei, jasho linamtiririka, ndipo akili ilipomrudia. Kafe resa ina kiti kimoja. Mama atakaa wapi? Ndiyo tabu ya kupokea kitu kwa mikono miwili na akili nusu. Akajiambia atapata njia, akaendelea kukokota.

Kazi aliianza siku ileile. Pistoni ilikuwa imeshikamana na silinda, akaimwagia dizeli na kuiacha wiki nzima. Kila jioni, wateja wakishaondoka na jua bado lipo, aliijaribu kwa mkono, nayo ikamkatalia, mpaka jioni ya nane ikateleza kidogo, upana wa ukucha. Alifurahi peke yake kwa upana huo wa ukucha. Ringi mpya za pistoni zilikuja na basi kutoka Kampala. Karbureta aliisafisha kwa mswaki na waya mwembamba. Tangi alilitoa rangi kwa msasa mpaka bati likaonekana, na hapo ubavuni akakuta kibonyeo ambacho hakukijua. Akakiacha. Hakujua cha nani, lakini hakikuwa chake kukifuta.

Kiti cha zamani alimpelekea Prossy, mkewe Opio, ambaye hushona viti vya boda pale sokoni na ambaye hushika sponji akakwambia umri wake. Prossy alikipasua, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye sponji.

"Hii mtu alikata mbele na kisu," alisema. "Alikata polepole, tena akashona vizuri. Dereva alikuwa mfupi."

"Baba yangu alikuwa anainama mlangoni," Severino alimjibu.

"Mimi naona sponji, baba yako sikumwona," Prossy alisema, akaendelea na kazi yake. Severino akadhani ni panya, au umaskini, akalisahau jambo hilo.

Sasa ndipo mkono wake ulipomponza. Alikata fremu ya nyuma kwa grenda, vizuri kabisa, fupi kama kwenye picha. Kesho yake akaiangalia, akamfikiria mama amekaa pale, akachomelea nondo moja kuiimarisha. Nondo moja si neno. Lakini nondo ikimbeba mama lazima springi nazo zimbebe, akaongeza springi za pili. Kisha akarefusha kiti kidogo, kiganja kimoja, halafu viwili. Akapandisha usukani, kwa sababu dereva mwenye abiria halali juu ya tangi. Akaweka chuma cha mama kushika, na vya mama kukanyaga. Kila kipande alikiweka kwa sababu nzuri, na mikono yake ilifanya kazi hiyo kwa raha, maana ndiyo kazi iliyoizoea. Wahenga walisema mazoea yana taabu.

Wiki mbili kabla ya kumbukumbu aliiwasha. Iliitika kwa teke la tatu. Akaipeleka mpaka kwenye kona ya soko na kurudi. Aliporudi, Opio alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Fundi, mimi iko nakwambia kweli," alisema. "Hii si kafe resa. Hii ni boda imenyolewa."

Severino alikasirika. Alikasirika kwa sababu alikuwa amekwisha kulijua hilo kwenye kona ya soko, pikipiki ilipokataa kuinama. Ilikuwa nzito kama zote alizowahi kutengeneza. Haikuwa na ubora wa boda wala wepesi wa ile ya kwenye picha.

"Sasa mama yangu nimweke wapi?" aliuliza.

"Hiyo ni neno ya wewe na mama. Usiulize chuma."

Maneno hayo yalimkaa. Siku mbili hakuigusa ile pikipiki. Alitengeneza za watu, akaziongezea nondo, akazipiga teke. Alijua njia zilizopo. Angeweza kuiacha ilivyo, mama akafika kanisani, pikipiki ikawa yake, na kila akiitazama akajua kwamba aliogopa. Au aikate iwe alivyoitaka, kisha aende Atlabara amwambie mama ukweli ana kwa ana, aipoteze kwa katekista. Kuficha asingeweza, kiti si sindano. Na njia ya mwongo ni fupi, hasa kwa mama yake.

Siku ya tatu alichukua grenda. Alikata nondo, akang'oa springi za pili, akakata chuma cha kushika na vya kukanyaga, na kila kipande kilipoanguka alikisogeza kwa mguu bila kukitazama. Akaushusha usukani mpaka chini. Prossy alimshonea kiti kimoja cha ngozi nyeusi chenye nundu, na sponji, kwa ukaidi wake, akaikata chini kwa mbele kama alivyoikuta kwenye kile cha zamani. Tangi lilipakwa rangi ya kijani kibichi, kibonyeo kikabaki. Zile nondo zilizokatwa zilijaza ndoo mbili.

Asubuhi ya tarehe kumi alivaa shati jeupe, akamwomba Opio amfuate na boda yake ili mama asikose misa, akaondoka Gurei. Mgongo ulipinda, kifua kikalala juu ya tangi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Barabara ilikuwa bado tupu. Aliegemea kidogo kushoto, pikipiki ikaenda kushoto. Aliegemea kulia, ikaenda kulia, bila kubishana. Joto la tangi lilimpanda tumboni, akawa na miaka minne tena, na machozi yakamtoka akalilaumu vumbi. Kama ndiyo mara ya mwisho, alijiambia, basi nimeiendesha.

Mama Teresina alikuwa mlangoni, amevaa kitenge cha misa, rozari mkononi. Opio alisimamisha boda yake mbali kidogo, kama mtu anayeheshimu ugomvi wa wenyeji.

"Mama, shikamoo," Severino alisema, akashuka. Hakutaka kujipa nafasi ya kuogopa. "Nimekata kiti cha nyuma. Nilikiweka, nikakitoa. Ningekiacha, ingekubeba, lakini isingekuwa kitu ninachokitaka. Nimekuja na Opio akupeleke kanisani. Pikipiki mpe katekista, tulikubaliana."

Teresina aliizunguka pikipiki. Aligusa usukani, akagusa nundu, akafika kwenye tangi na kukiweka kidole gumba ndani ya kile kibonyeo, na kidole kikaenea.

"Hapa paliingia nilipoiangusha kwenye mto Kaya, tukivuka," alisema. "Wewe ulilia, baba yako hakusema kitu. Hakuwa na nguvu ya kusema."

Severino alimtazama. "Uliiangusha wewe?"

"Nani amekwambia nilikaa nyuma?"

"Kila mtu, Mama. Kila Krismasi."

"Baba yako alikuwa na homa siku ya tano, hawezi kusimama. Nilimpandisha nyuma, nikamfunga mgongoni kwangu kwa kitenge kama mtoto. Wewe nikakuweka mbele. Nilikuwa nimejua kuendesha, alinifundisha yeye mwenyewe, alikata na sponji ya kiti kwa kisu ili miguu yangu ifike chini." Akazungusha rozari kidoleni. "Kambini watu wakasema katekista alitutorosha. Niliona anaona aibu, nikawaacha waseme. Akafa, nikaendelea kunyamaza. Ilikuwa heshima yake, haikunigharimu kitu."

Mikono ile miwili Severino aliyoikumbuka maisha yake yote ilikuwa mbele yake sasa, imekunjamana, imeshika rozari.

"Nyuma alikaa baba yako," Teresina alisema. "Hayupo. Kiti cha pili ungemwekea nani?"

Akavaa rozari shingoni, akakaza kitenge juu ya suruali ambayo, Severino aliiona sasa tu, alikuwa ameivaa ndani tangu asubuhi. Akapanda. Miguu yote miwili ilikanyaga chini.

"Usukani huu aliushusha nani? Mgongo utaniuma mpaka Pasaka."

"Ni mimi, Mama."

"Gia ya kwanza bado ni chini?"

"Bado."

Aliipiga teke, ikaitika. Ilimzimikia mara moja pale mlangoni, akaiwasha tena bila kumtazama mtu, akatoka polepole, mgongo umeinama, kitenge kinapepea. Severino aliruka nyuma ya boda ya Opio, wakamfuata. Majirani walitoka nje kutazama, na mzee mmoja alivua kofia.

"Mama yako iko natuacha," Opio alisema barabarani, akaongeza mafuta.

Walimkuta mbele ya kanisa, amekwisha kushuka, anajipangusa vumbi usoni kwa ncha ya kitenge. Akamkabidhi Severino ufunguo.

"Imenifikisha, ni yako," alisema. "Katekista umtafutie nyingine, wewe ni fundi, na una ndoo mbili za chuma. Lakini tarehe kumi mwezi wa pili, kila mwaka nitakaokuwa hai, hii ni yangu."

Kengele ililia, wakaingia ndani kumwombea aliyekaa nyuma.