Mbuzi wa Kivuko

Nilichaguliwa katibu wa kamati ya uwanja kwa sababu moja tu: siku zote nilikuwa nyumbani. Wajumbe wenzangu walikuwa na mashamba ya kuwahi, minada ya kuhudhuria na mashangazi wa kusalimia Musoma. Mimi nilikuwa na kidato cha nne, kiti cha kamba barazani, na mke aliyependa kuwaambia wageni kwamba hata kuku wetu wametembea kuliko mimi. Alikuwa anasema kweli. Nilizaliwa Butiama, nikarudi Butiama baada ya shule, na sikuona sababu ya kuisumbua zaidi miguu yangu.

Uwanja wenyewe ulikuwa wa mashindano ya maksai. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, kila Sabasaba wakulima walileta maksai wao kushindana kwa hatua tatu: kulima mstari ulionyooka, kupitisha mkokoteni kati ya vigingi bila kuangusha hata kimoja, kisha kuvuka korongo lenye maji mkokoteni ukiwa na mzigo. Hatua hiyo ya tatu ndiyo iliyowatoa watu Bunda na Musoma mjini. Watu wanapenda kuona maji yakimuumbua mtu.

Mwaka uliotangulia, maksai wa mkulima mmoja wa Bunda aliteleza ukingoni akavunjika mguu, na mashindano yakaishia kwenye sufuria. Sisi tulikula. Bwana mifugo wa wilaya hakula. Alisimama juu ya korongo akasema kijengwe kivuko cha mawe na saruji, chenye mteremko mzuri pande zote mbili, la sivyo mwakani hatua ya maji inafutwa.

Waliosikitika walikuwa wengi, lakini mwenye cha kupoteza alikuwa dada yangu. Mumewe alikuwa amefariki, na plau ya nyumba ile ikabaki mikononi mwa shemeji yake. Kila msimu dada alingoja shemeji amalize shamba lake, kisha mashamba ya rafiki zake, ndipo apelekewe plau mvua za kwanza zikiwa zimeshapita. Pamba yake ilichelewa kila mwaka. Na zawadi ya kwanza ya Sabasaba ilikuwa plau mpya.

Maksai wake wawili walikuwa wazee. Kwenye kulima hawakumtisha mtu, kwenye vigingi walikuwa wa kawaida tu, ila majini hawakuwa na mpinzani. Waliingia kama wanaingia zizini kwao. Hatua ya maji ikifutwa, plau imekwenda. Korongo likibaki vilevile, hawaingizi, kwa maana mtu mwenye maksai wawili tu hachezi na miguu yao.

“Kwa hiyo, mdogo wangu,” aliniambia, “hicho kivuko kijengwe. Nilikulimia ada miaka yote ile nikidhani utakuwa daktari. Basi nitengenezee hata korongo.”

Ada yangu kweli ilitoka kwenye pamba yake. Hata leo sina cha kumlipa zaidi ya ahsante.

Tukatangaza mchango. Watu wa kwetu ni wagumu wa senti, lakini si wagumu wa mifugo. Mwenyekiti wa kijiji akasema kila kaya itoe ilichonacho, kipelekwe kwa katibu, maana huyo hakosekani. Mbuzi wakaanza kuja. Kila aliyeleta nilimpokea langoni, nikamkaribisha, mke wangu akasonga ugali, tukala na ningu, samaki wa ziwani, waliokaushwa, na kuzungumza hadi jua linaelekea ziwani. Nilikuwa na raha isiyo kifani. Kwa mara ya kwanza dunia ilinijia yenyewe, bila mimi kuvaa viatu.

Zizi lilipojaa tukapanga siku ya kwenda mnadani Bunda. Asubuhi hiyo akapita mzee mmoja jirani, akakuta nimewafunga mbuzi kamba, akauliza naenda wapi na mbuzi wake. Nikamjibu naenda kumuuza, si ni wa kivuko. Akanitazama kwa huruma.

“Mimi nimekula kwako,” alisema. “Ulinipokea langoni, ukanilisha, mbuzi akalala kwako. Huyo nimekuwekesha. Sasa unamuuzaje?”

Nikakaa chini. Kwetu mnyama akipokelewa langoni na mwenye mnyama akalishwa, amewekeshwa: utamtunza, atazaa, maziwa utakunywa, lakini mwenyewe anabaki kuwa mwenyewe. Nilijua hivyo tangu utotoni. Nilikuwa nimepokea mchango wa kijiji kizima kama mtu anayejipatia marafiki.

Wenye mbuzi wengine walipoulizwa walicheka sana, na hakuna aliyethubutu kusema mila hiyo haipo. Walitoa kwa ajili ya kivuko, ni kweli, lakini walikula. Mwenyekiti akasema serikali ya kijiji inaweza kuamuru wauzwe. Alisema hivyo akitazama chini, kwa sababu naye alikula, tena akaongezewa.

Dada alipokuja, mke wangu akamsimulia, akiigiza sauti yangu ya kukaribisha wageni. Wakacheka hadi wakashikana mabega. Kisha dada akafuta macho.

“Unajua kukaribisha, mdogo wangu, hilo hukusomea,” alisema. “Warudishe mbuzi wote kwa wenyewe. Atakayetaka kutoa akatolee uwanjani, na mtu asipewe hata maji.”

Nikamuuliza, je, wakikataa kutoa mara ya pili?

“Nitalima nimechelewa, kama ninavyolimaga. Ila mbuzi wa watu hutauza kwa kuwazunguka.”

Ndivyo nilivyozunguka kijiji kizima na mbuzi. Mke wangu alisimama mlangoni kunitazama kama anayemsindikiza mtu anayekwenda Ulaya. Kila nyumba niliyofika walitaka kunilisha, nami nikawa nakataa, tumbo likilalamika kwa sauti ambayo wenyeji waliisikia.

Siku ya kukabidhi, watu walikuja uwanjani na mbuzi wao, mmoja baada ya mwingine wakawaachia mbele ya kamati. Yule mzee jirani alikuja mwisho. Nikaona waliokwisha kutoa wamegeuka kumtazama, na nikajua akiondoka na wake, wengine nao wataanza kutafuta kamba wawarudishe mbuzi wao nyumbani. Yeye hakuwa na haraka. Alikwenda hadi ukingoni mwa korongo, akachungulia, akamgeukia dada yangu.

“Hao wazee wako wanaweza maji kweli?”

“Wanaweza, baba.”

“Ukipata plau utanilimia?”

“Utangoja zamu, baba. Mimi nimengoja sana.”

Watu wakaangua kicheko. Mzee naye akacheka, akamsukuma mbuzi mbele. “Huyu ni wa kivuko,” alisema. “Leo sijala kwa mtu, na njaa inaniuma.”

Mbuzi waliuzwa Bunda. Saruji ilitoka Musoma kwa lori la ushirika, na dereva hakudai hata soda. Fundi mwashi aliyejifunzia kazi misheni ya Nyegina alikuja kutusimamia, akala na kulala kwangu, na safari hii hakuna aliyelalamika. Vijana wakabeba mawe. Nikiwakumbuka wote hao naona sikuwahi kuwashukuru vya kutosha.

Sabasaba ilipofika, dada alishika nafasi ya katikati kwenye kulima, na kwenye vigingi akaangusha kimoja. Ikabaki kivuko. Sheria ilikuwa kwamba fimbo ikigusa mnyama majini, alama zimekwenda. Maksai wa wenzake walifika kwenye maji wakagoma, wakachapwa, wakavuka kwa aibu. Wa dada waliingia taratibu na mkokoteni wao, wakafika katikati, wakasimama. Wakainamisha vichwa, wakanywa.

Dada akasimama pembeni yao, maji magotini, fimbo begani. Akawasemesha Kizanaki kwa sauti ya chini, kama anayewaambia wageni wasione haya, wale washibe. Walipotosheka wakainua vichwa wenyewe, wakapanda upande wa pili, kwato zikishika mawe bila kuteleza hata mara moja. Bwana mifugo akaandika, akahesabu, akamwita mbele akachukue plau.

Mvua ya kwanza ya msimu uliofuata ilinikuta shambani kwa dada, nikiwaongoza maksai kwa kamba, yeye ameshika plau. Saa nne shemeji yake akatokea na ile plau ya zamani, akakuta nusu ya shamba imegeuzwa.

“Karibu, shemeji,” dada akamwambia. “Mwaka huu umewahi.”

Shemeji akatazama udongo mpya. Kisha akaiweka plau yake chini, akaja upande wangu, akanipokea kamba, nami nikakabidhiwa mbegu.

Jioni nilirudi nyumbani na matope hadi magotini. Mke wangu akaniuliza kama nimepotea njia. Nikamwambia hapana, natoka kwa wifi yake, na pamba yake iko ardhini.