Injini ya Maboksi

Injini ya zamani ilikwisha kutolewa, na mahali pake, chini ya boneti ya Korola ya umbo la sanduku, palikuwa na injini ya maboksi. Fundi aliyebandikwa jina la Rula ndiye aliyeijenga. Ile ya chuma itakayofungwa, iliyotoka kwenye gari kubwa zaidi, ililala kando juu ya tairi kuukuu. Rula aliipima kila upande, akakata maboksi ya sabuni, akayagandisha kwa gundi, na sasa alikuwa amepiga magoti akitazama wapi inagusa.

"Shemeji, mimi nimekuletea chuma, wewe unachezea makaratasi?"

Aliyesema alikuwa mume wa dada yake, mwenye gari na mwenye uwanja. Miaka sita Rula alifanyia kazi pale, nyuma ya nyumba yao, na kwa miaka yote sita hapakupita wiki bila kukumbushwa uwanja ni wa nani.

"Nikikosea kwenye karatasi, natupa karatasi," Rula alijibu bila kuinuka. "Nikikosea kwenye chuma, nani ananiokota?"

"Maneno tu! Ofisini wananiita Konokono. Kila asubuhi wananipita pale mlimani wakipunga mkono. Nataka nguvu, sitaki ushairi."

Rula alimpa kipande cha mfuko wa saruji. Mpango wote ulikuwa hapo, mistari kumi na mmoja: mahali pa kuhamishia raba za injini, jinsi ya kukata sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ili lisigonge mhimili wa mbele, urefu mpya wa propela ya kuzungusha magurudumu ya nyuma, nyaya zipi ziunganishwe na zipi ziachwe. Shemeji hakufika huko. Mstari wa kwanza ulimjaza mori.

"Nimekwambia injini, umeniandikia breki!"

"Injini hii ina nguvu mara mbili ya ile. Breki ni zilezile, tangu hujaoa."

"Zinashika!"

"Zinashika gari la zamani. Hili ni gari jingine."

Tumezoea kumsifu fundi anayesema ndiyo kabla hujamaliza kueleza shida yako. Anayesema ngoja tunamwita mjuaji, mwoga, mvivu. Kisha tukishaanguka tunashangaa.

Shemeji aliinama juu ya ile injini ya maboksi akitafuta pa kumnasa. Akapata.

"Feni iko wapi?"

Rula alitazama. Muuzaji wa injini alikuwa ameing'oa feni, na Rula alipima hadi kwenye puli akaishia hapo.

"Nimekosa. Itabidi rejeta isogezwe mbele vidole vitatu." Akachukua penseli, akaandika mstari wa kumi na mbili.

Shemeji alicheka mpaka mchomeleaji wa jirani akachungulia ukutani. "Njoo uone! Bingwa wa kupima kasahau feni! Basi na hizo breki umekosea vilevile."

"Feni nimekosea. Breki sijakosea."

"Ijumaa nalitaka gari langu. Bila huo upuuzi wa breki. La sivyo Ijumaa hiyohiyo uniachie uwanja wangu, Chapchap aje." Chapchap alikuwa fundi wa ng'ambo ya barabara, na hakuna aliyewahi kumsikia akikataa kazi.

Dada alikuwa akianua nguo kwenye kamba. Alisubiri mumewe aingie ndani, akasogea na shati la shule begani. Ni yeye aliyelitumia gari hilo kila asubuhi na watoto wake wawili, baada ya kumshusha mumewe kazini, na kutoka kazini hadi shuleni ni mteremko mtupu.

"Kaka, niambie bila kunificha. Litasimama?"

"Likiwa tupu, kwenye tambarare, ndiyo. Pale mteremkoni, mmejaa, siwezi kukuapia."

"Huwezi kumridhisha tu, breki zifuate baadaye?"

"Kwake hakuna baadaye. Likishanguruma, ameshapata alichotaka."

Dada alikunja shati mara mbili, akalikunjua, akaingia ndani.

Ijumaa Rula alifungasha spana zake, akafungua cheni ya kunyanyulia injini, akaondoka. Shemeji hakutoka kumuaga. Chapchap alimaliza kwa siku mbili, na alifanya kazi safi, maana aliufuata mpango wa Rula kuanzia mstari wa pili hadi wa kumi na mbili. Hata rejeta aliisogeza vidole vitatu.

Jumatatu asubuhi Rula alikuwa amekaa juu ya sanduku lake la spana kando ya barabara, akisubiri mteja, alipolisikia lile gari. Lilinguruma kweli. Shemeji alikuwa peke yake ndani, akiendesha polepole kando ya mkewe, aliyekuwa akitembea na watoto, mmoja kila mkono.

"Ingia, mwanamke! Unaniaibisha!" alifoka dirishani. "Huyo kaka yako amekujaza ujinga!"

Honi ililia, ikalia tena. Dada hakugeuza shingo. Gari liliruka mbele kwa hasira, likapotea kwenye kona ya mlimani.

Dada alipofika kwa Rula alikuwa anahema, na mtoto mdogo alikuwa ameshaanza kuchechemea.

"Tumechelewa, kaka," alisema. "Kesho tutatoka mapema."