Picha Niliyoibandika Mlangoni

Mimi na mwenzangu tulijifunza kufuma pamoja katika chuo cha ufundi cha kijiji, tukigawana mashine moja kwa sababu hazikutosha. Mwenye mkono mzuri nilikuwa mimi. Mwalimu wetu alikuwa akichukua sweta yangu na kuigeuza ndani nje mbele ya darasa ili wengine waone mshono wa bega unavyopaswa kulala. Zake zilikuwa za kuvalika tu. Alikuwa mtu wa haraka, wa kucheka sana, na akiruka kitanzi alisema, "Nani atageuza kuangalia?"

Tulipomaliza tukakodi vibanda viwili vinavyotazamana mjini Meru, kwenye barabara inayoelekea Kaaga, ambako kuna shule nyingi. Shule zikikaribia kufunguliwa, wazazi walijaa kutafuta sweta. Miaka ya kwanza hatukuwa na neno. Uzi wa kijani ukiniishia navuka kwake, sindano ya mashine ikimvunjikia anavuka kwangu.

Kisha shule moja kubwa ikabadilisha rangi ya yunifomu kutoka maruni hadi buluu, na hakuna aliyetuambia. Sote wawili tulikuwa tumefuma za maruni likizo nzima. Mimi nilikaa wiki mbili nikizifumua moja moja, nikiosha uzi na kuuanika unyooke. Yeye hakufumua hata moja. Alizijaza kwenye magunia mawili, akazipeleka shule ya msingi moja huko Kibirichia, kwenye baridi ile ya mlimani, akawapa watoto bure.

Nilimcheka. Nilimwambia amepoteza uzi mzuri.

Alirudi na picha ya watoto wamepanga mstari, mikono ya sweta ikipita vidole, wote wanacheka. Akaibandika mlangoni, na chini yake akaandika kwa kalamu nene: "Kila sweta kumi tukiuza, moja inaenda kwa mtoto wa mlimani."

Muhula uliofuata nilimwona mama mmoja ambaye nilikuwa nimewafumia watoto wake tangu nasari akipita mbele yangu na kuingia kule. Alipotoka nikamwita.

"Mama, leo hata salamu hakuna?"

Akaona haya. "Aki usikasirike. Zako ni nzuri, nani anakataa? Lakini nikinunua pale naskia nimefanya kitu."

Maneno hayo niliyabeba hadi nyumbani. Mimi pia nilikuwa nimefanya kitu. Nilikuwa nimefuma bega lisilokaza shingo na kola isiyolegea hata ikifuliwa mwaka mzima, na hakuna aliyepiga picha ya kola. Niligeuza kiti changu nisitazame barabara. Baada ya siku mbili nikakirudisha, kwa sababu kusikia sauti za wateja wake bila kuwaona kuliniumiza zaidi.

Kina mama wa kanisani wakamwalika awaeleze kazi yake. Alivaa kitambaa kipya kichwani. Nilikaa nyuma, na alipotaja baridi ya Kibirichia na watu wakatikisa vichwa kwa huruma, nilimnong'oneza jirani yangu, "Huyu anauza machozi ya watoto."

Jirani alimfikishia. Kesho yake asubuhi akavuka barabara, akaketi kwenye benchi langu.

"Umesema nauza machozi."

Nikavuta uzi, nikaendelea kufuma.

"Nikuambie ukweli? Zile za kwanza nilitaka tu zitoke machoni pangu. Kila nikiziona nilikuwa naumwa na kichwa. Lakini mwalimu mkuu alinishika mkono akashindwa kuongea. Nikarudi nikijua nitapeleka tena. Na wateja wakaongezeka, ndiyo, nikafurahi. Ulitaka niwafukuze?"

Ningependa kumkamata kwa uongo, naye alikuwa amenipa ukweli wote kwa pumzi moja. Tangu siku hiyo wivu wangu ukawa mbaya zaidi. Sikuwa tena na kosa lake la kushika.

Mdogo wangu ameolewa upande wa Embu, huko chini karibu na Siakago, kwenye joto na mbuzi. Nilimtembelea wakati wa kuvuna ndengu. Binti yake alikuwa ametoka shambani, amevaa gauni la kazi lililochanika begani, miguu imejaa vumbi. Nilikuwa na simu yangu ya kwanza yenye kamera. Nikamwita, "Simama hapo kidogo." Jua lilimpiga usoni, akakunja uso. Ukiitazama ile picha usingeweza kujua ni jua. Ungesema mtoto amelia.

Sikuipiga kwa ubaya. Lakini nikiwa safarini kurudi niliitazama tena na tena, na kabla sijafika Chuka nilikuwa nimejua nitaifanyia nini.

Nikaipeleka saiba, duka la kompyuta, wakaikuza na kuifunika kwa plastiki. Nikaibandika mlangoni, na chini yake nikaandika: "Mtoto huyu hana sweta. Nunua hapa tumsaidie." Nilijiambia kwamba nitamfumia moja, basi haitakuwa uongo. Kwamba huko kwao sweta huvaliwa siku chache sana kwa mwaka, hilo sikujiambia.

Watu wakaja. Wanawake walisimama mbele ya mlango wakisema, "Woi, pole mtoto," kisha wakaingia na kununua bila kugeuza sweta kuona mshono. Mama mmoja alileta viatu vya binti yake, bado vizuri, akaniomba nimfikishie yule mtoto. Nilivipokea. Nikaviweka chini ya meza. Na nikiinua macho, mwenzangu alikuwa amesimama mlangoni pake akinitazama, nami nikasikia utamu ambao bado naona aibu kuutaja.

Siku moja akavuka. Akaitazama picha kwa muda mrefu.

"Huyu ni nani?"

"Mtoto fulani, wa huko chini."

"Amefanana na wewe," akasema, akarudi kwake.

Haikuchukua muda. Mama mmoja anayesali na mdogo wangu alikuwa na mtoto bweni huko Kaaga. Siku ya kufungua shule alipita akitafuta sweta, akamtambua msichana pichani. Mimi hata sikumwona.

Mdogo wangu alifika siku ya soko, saa nne asubuhi, bila kupiga simu. Hakuingia. Alisimama mbele ya mlango akitazama picha.

"Karibu," nikasema. "Mbona hukuniambia unakuja?"

"Hii ni ile siku ya ndengu," akasema.

"Ingia ndani tuongee."

"Dada, mtoto wangu ana sweta mbili. Moja wewe mwenyewe ndiye ulimpa." Hakupaza sauti. "Kanisani wamemuuliza bwana yangu kama tunalala njaa. Wamama wametuletea kapu la chakula. Nilipokea kwa sababu sikujua niseme nini. Mtoto amekataa kwenda shule siku mbili."

"Sikufikiria watu wa huko wataona."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungekubali?"

Akanitazama. "Si umejijibu."

Akaanza kuibandua picha kwa ukucha, polepole ili isichanike, mbele ya wateja wawili waliokuwa ndani. Akaikunja, akaitia kwenye mkoba. Nilikuwa nimeshamimina chai. Hakuinywa.

Mama wa viatu aliporudi kuuliza kama mtoto alivipokea, nilishindwa kuendelea kudanganya. Nilivitoa chini ya meza na kumwambia kila kitu. Alivichukua, akavipangusa vumbi kwa kanga yake, akaondoka bila kuniaga. Alikuwa na ndugu wengi mjini, na habari ikawafikia wote. Muhula huo nilifuma kidogo sana.

Mwenzangu hakunicheka, na hilo nalo nililichukia. Badala yake alikuja akisema amepata kazi kubwa ya shule moja na mikono yake haitoshi, nimsaidie nusu. Nilijua angeweza kuajiri mtu. Nikakubali kwa sababu kodi ya kibanda ilinisubiri. Kila nikimpelekea bunda la sweta alikuwa akiita wateja, "Njooni muone mabega ya huyu mama! Mimi siwezi haya!" Watu walisifu. Ilikuwa sifa niliyoitaka miaka yote, na kuipata kutoka kinywani mwake kulinikera.

Mdogo wangu alikaa karibu mwaka mzima bila kunitembelea. Tuliongea kwa simu mambo ya mama yetu tu, dawa na kliniki. Nilikuwa nimemwomba msamaha, akasema amesikia.

Halafu binti yake akaitwa kujiunga na sekondari ya bweni, hapa hapa Kaaga. Nilifurahi. Nilinunua uzi ule mzuri, nikaanza kumfumia sweta ya shule bila kuambiwa, nikiwaza mapokezi nitakayopata. Nilikuwa nimebakisha mkono mmoja tu nilipoinua kichwa nikamwona mdogo wangu akitoka kwenye kibanda cha mwenzangu na mfuko mkononi, msichana nyuma yake.

Walivuka kunisalimu. Kabla ya kuketi, mdogo wangu aliusukuma ule mfuko chini ya benchi kwa kisigino nisiuone. Nami nikawa nimeshatupa kitambaa juu ya mashine.

"Anti, hujambo," msichana akasema. Alikuwa amerefuka.

"Sijambo, mwanangu. Umekuwa mkubwa."

Nilimimina chai. Safari hii mdogo wangu aliinywa, yote, akaomba nimwongezee. Tukaongea juu ya mvua ya kwao na godoro la bweni. Walipoinuka kwenda niliwasindikiza hadi barabarani. Mwenzangu akatupungia mkono kutoka kwake, mdogo wangu akampungia akitabasamu, tabasamu ambalo mimi nilikuwa bado sijapewa siku ile. Nikarudi ndani, nikaiondoa kwenye mashine ile sweta, nikaikunja na kuiweka kwenye rafu.

Niliimalizia wiki iliyofuata. Nikamuuzia mtoto mwingine, na mama yake akasema inamkaa vizuri begani.