Shuka Nililomvisha Mama wa Volendam

Leo nimevua nguo mlangoni mwa hoteli, mbele ya supavaiza.

Tulieni, ndani nilikuwa na yunifomu.

Mnajua mimi ni Mkisii. Lakini hoteli yetu hapa Deira, huku kwa Waarabu, ina wiki ya vyakula vya Kiafrika, kwa hivyo siku ya tatu sasa nasimamishwa mlangoni na shuka jekundu na rungu, wageni wapige picha na "Mmasai".

Leo akaja mama mzee kutoka Volendam, mji mdogo wa Uholanzi ulio kando ya maji.

"Hizi ni nguo za kwenu?"

Nikachoka kudanganya. "Hapana, madam."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Akaniambia kwao walikuwa wavuvi, hadi serikali ikaziba bahari kwa ukuta mrefu, maji yakawa ziwa, uvuvi ukafa. Sasa wanaishi kwa watalii.

"Lakini kwetu mgeni ndiye anayevalishwa nguo zetu za kale. Sisi tunashika kamera."

Jameni.

Nikavua shuka, nikamfunga begani, nikampa rungu, nikampiga picha kwa simu yake. Wageni wengine wakapanga foleni, nao wavalishwe.

Supavaiza akatoka mbio. "Yalla, haraka, vaa shuka."

"Sir, khalas, basi. Anayetaka Mmasai avae mwenyewe."

Amesema kesho napewa barua ya onyo. Ailete. Atanikuta palepale mlangoni, nimevaa yunifomu yangu.

Na nyinyi Wamasai halisi mnaokaa Qusais, hapa hapa mjini, nisameheni kwa hizi siku tatu.