Koliflawa zangu za mtihani chuoni Nchelenge

Wakuu, heshima kwenu. Nachapa kwa kidole kimoja na miwani puani, kwa hiyo kutunga uongo kutanichosha bure.

Miaka ya sabini nilikuwa mtu wa kuzurura. Shule niliiacha mapema, nikawa napanda boti za wachuuzi wa samaki kati ya Kongo na Zambia.

Nilipofika Nchelenge nikasikia kuna chuo cha jamii kinafundisha kilimo cha bustani, chakula bure. Nikaanza kupenda mimea siku hiyohiyo.

Ubaya ni kwamba baadaye niliipenda kweli.

Mwalimu akatangaza: mkaguzi atakuja kupima matuta, na mwenye tuta bora atabaki kama msimamizi wa kitalu. Kazi na chumba. Kwa mara ya kwanza maishani nilitaka kubaki mahali.

Wenzangu wakapanda kabichi. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikapanda koliflawa, kitu kigeni kabisa kando ya Ziwa Mweru. Nikayafunga majani yake juu ya vichwa ili jua lisizichome. Zikatoka nyeupe, nikazionea fahari.

Kwa wasioijua Luapula, mkoa ilipo Nchelenge: kule jani ni mboga. La boga, la muhogo, la kiazi. Anayechuma jani haitwi mwizi.

Asubuhi ya ukaguzi nikakuta tuta limebaki visiki. Mpishi wetu, Mama Ngalula, Mkongo kutoka ng'ambo ya ziwa, alikuwa jikoni anakatakata majani.

"Mama, vichwa viko wapi?"

"Ile bitu nyeupe? Mutoto, mimea yako ilikuwa na bugonjwa mu katikati! Nilitosha yote na kisu, nikapatia mbuzi. Useme kwanza aksanti."

"Mama, hicho ndicho kinacholiwa!"

"Nani anakulaka maua? Weye njo nyuki?"

Mkaguzi akaja, akatazama visiki, akaniandikia sifuri. Nikajieleza. Akasema, "Bwana, nakagua mazao, sikagui hadithi."

Mchana tukala ubwali, yaani ugali wa kule, na yale majani, yamepikwa kwa karanga. Mkaguzi akaomba aongezewe. Akauliza mboga gani hii tamu.

Mama Ngalula akaninyooshea mwiko: "Ni ya huyu mutoto. Analimaka muzuri sana!"

Mkaguzi akanitazama. Akamega tonge jingine.

Sifuri ikabaki sifuri. Kitalu akapewa mtu wa kabichi, mimi nikapanda boti ya kwenda Puta, kando ya ziwa hilohilo.

Funzo: uliza wanaopika kabla hujapanda. Na kazi yako inaweza kusifiwa na kumalizwa sahanini, wewe bado ukafeli.

Nani mwingine hapa aliwahi kufelishwa na mtu aliyeshiba jasho lake? Uwanja ni wenu.