Mvua ya Mawe Ndani ya Hema

Leo nimekimbia mvua ya mawe kwenye jua kali.

Kuna hema la sinema limekuja uwanjani hapa Kericho. Ni ile sinema ya kuvaa miwani, vitu vinaruka mpaka usoni pako. Nikampeleka mjukuu wangu Chebet, wa miaka minne.

Mama yake, binti yangu, tulimzika mwaka jana. Tangu hapo mtoto haachi kuniuliza kama na mimi nitaenda. Kila mara namwambia siendi popote.

Basi tukakaa. Viti vikatikisika. Maji yakanirukia shingoni, halafu mawe ya barafu yakanijia machoni.

Ninyi wa huku mnaijua mvua ya mawe. Mtu hafikirii mara mbili.

"Nguo ziko nje!" nikapiga kelele, nikatoka mbio.

Nje, jua. Foleni nzima ikinitazama.

"Mama, miwani ni ya kurudisha!" akasema msichana wa tiketi. Wakacheka. Hata mimi nikacheka.

Hapo ndipo nikakumbuka mtoto.

Nilimkuta amesimama juu ya kiti, amevua miwani, anatazama mlango. Hakuwa analia. Afadhali angelia.

"Kogo, ulienda wapi?" Ndivyo anavyoniita, mimi bibi yake.

"Nilienda kuanua nguo."

Akafikiri kidogo.

"Na mimi?"

Nimemnunulia mandazi, amekula yote. Swali lake bado sijalijibu.

Chekeni tu, nimestahili. Lakini mkimaliza, niambieni: ninyi mngemjibu nini?