Tanzia Niliyoibandika kwenye Ukurasa Mama

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi, baba alifariki kule Zombo, nikatolewa darasa la tatu nikashika jembe, na tangu hapo sikumwomba mtu anifundishe kitu. Nilitazama, nikajaribu, nikakosea, nikajua. Ndivyo nilivyojifunza kupiga matofali, kuendesha trekta, mpaka nikajenga gesti Mikumi kando ya barabara kuu. Nayasema haya mapema ili mjue kwamba aibu ninayowasimulia niliipika mwenyewe, kuni nikazikata mwenyewe.

Dada yangu Zainabu ndiye aliyetulea. Aliuza chapati na maharage kwa madereva wa malori, sisi wadogo tukala kilichobaki, na nilipofungua gesti nikamwambia jiko ni lako. Wageni wa mbugani walimpenda kuliko simba waliokuja kuwaona. Mkwe wangu Rehema, mke wa mwanangu mkubwa, kazi yake ni kompyuta huko Morogoro, akatutengenezea tovuti, kila mmoja na ukurasa wake: Dada na mwiko mkononi, Mzee Ally mlinzi na tochi yake, vyumba, na mimi mwenye gesti nimevaa suti. Nikapewa neno la siri nibadilishe bei za vyumba, basi. Onyo lililetwa na mke wangu (kwetu baba mkwe hapigi soga na mkwe wa kike, neno hupita kwa mama mkwe): ule unaoitwa ukurasa mama usiguswe, kwa kuwa kurasa zote zinarithi kutoka kwake, ukibandika kitu pale kinatokea kote. Nikaitikia sawa. Moyoni nikasema, nyumba nijenge mimi, halafu niambiwe na mkwe mlango wa kutoufungua?

Mzee Ally akafariki. Maziko yalikuwa siku hiyohiyo alasiri, nyumbani kwake Mabwerebwere huko Kilosa, na asubuhi Dada, mke wangu na kina mama wengine wakatangulia kupika msibani. Mimi nikabaki niwaage wageni kwanza. Nikiwa pale kaunta nikawaza, mzee huyu amewafungulia watu geti miaka yote, hata tangazo asipate? Nikafungua ukurasa wake nikaandika, maneno yakatokea madogo, chini kabisa ya picha, kama bei ya soda. Nikaona dharau. Pembeni nikauona ukurasa mama, nikajiambia mama ndiye mkubwa wa nyumba, na habari ya kifo huwekwa kwa mkubwa. Nikaandika: TANZIA. MWENZETU HUYU AMETUTOKA. MAZISHI LEO ALASIRI, MABWEREBWERE, KILOSA. Jina sikuweka (picha ipo, jina la nini?). Nikarudi kwa Mzee Ally, nikakuta herufi nene nyeusi juu ya uso wake. Nikaagiza chai nikajipongeza.

Chai haijapoa akaingia Selemani, muuza nyama jirani yangu, kofia mkononi.

"Pole sana, Mzee Rajabu. Dada yetu alianza kuumwa lini?"

"Dada gani?"

Akanigeuzia simu. Alikuwa Zainabu, anacheka na mwiko wake, na juu ya kichwa chake: mwenzetu huyu ametutoka. Nikampokonya simu nikafungua kurasa nyingine. Kitanda cha chumba cha watu wawili kimetutoka. Supu ya kuku imetutoka. Selemani akasema ameshapiga picha ule ukurasa na kuutuma kwenye kundi la simu la watu wa soko, nao wameupeleka mbele, na gari la kwenda Kilosa msibani linatafutwa.

"Na wewe umo, mzee, na suti yako," akaniambia. "Ila wewe hakuna aliyeuliza."

Sasa hapo mtu mwenye akili angefanya nini? Mimi nilifungua ukurasa wa Dada nitafute yale maneno niyafute, na hayakuwemo. Kwenye kioo yapo, ukiingia ndani hayapo. Nikaona labda yamejificha nyuma ya mengine, nikaanza kufuta: nikafuta mapishi yake, nikafuta jina, nikafuta "mpishi wetu", mpaka ikabaki picha tupu na tanzia juu, na kusema kweli sasa ndiyo ilifanana na kifo. Nikachomoa waya wa kompyuta ukutani, nikashusha pumzi. Selemani akachungulia simu yake.

"Bado amekufa."

Na muda wote huo simu yangu inaita. Alikuwa Mwajuma, binti pekee wa Dada, ameolewa Berega, na alikuwa mjamzito, mimba kubwa, ya kwanza baada ya miaka mingi ya kungoja. Nilijua anapigia nini. Neno lilikuwa moja tu, mama yako mzima. Nikailaza simu kifudifudi. Nilitaka kwanza nirekebishe, ndipo nimpokee nimwambie kwa sauti ya mtu mzima kwamba hakuna kitu, tazama mwenyewe. Ikaita tena. Ikaita tena. Kisha ikanyamaza, na mimi (Mungu anisamehe) nikafurahia ule ukimya.

Nilimpigia mke wangu aniulizie kwa mkwe, hakupokea, simu zao kina mama zilikuwa mikobani na wao wako kwenye masufuria. Ndipo nikampigia Rehema mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu aolewe kwetu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mama yako hapatikani, mwanangu, usinishangae."

Nikamweleza. Akasema kwa adabu zote, "Baba, kwenye ukurasa wa shangazi hakuna cha kufuta. Uliandika kwa mama, na kufuta ni kwa mama." Kabla sijaipata miwani yangu, alikuwa ameshaliondoa tangazo huko huko aliko. Kazi iliyonitoa jasho asubuhi nzima.

Ndipo nikampigia Mwajuma. Akapokea mwanamume nisiyemjua, dereva wa bodaboda. Akasema dada huyu alikuwa analia anawahi maziko ya mama yake, wakateleza kwenye mteremko, sasa wanamrudisha Berega, hospitali. Mwajuma alipona. Mtoto hakupona.

Nilifika Mabwerebwere habari hiyo ikiwa tumboni mwangu peke yangu. Watu wa Mikumi walikuwa wameshatangulia, wakashuka kwenye gari wakimlilia Zainabu, wakamkuta anageuza wali. Msiba wote ulicheka, naye alicheka, eti akawauliza wamemletea sanda ya kitambaa gani. Kisha akasema ngoja nimpigie mwanangu asije akasikia upuuzi huu, akaitoa simu mkobani. Mimi nilimkuta ameishika, anazitazama simu za Mwajuma ambazo hakuzipokea. Nikamvuta pembeni nikamwambia lote. Hakupiga kelele. Aliniuliza jambo moja.

"Na wewe alikupigia?"

"Alinipigia."

"Uliiona ikiita?"

"Niliiona, Dada."

Akafungua kanga ya kiunoni, akaiweka juu ya mfuniko wa sufuria, akatafuta usafiri wa Berega. Hajarudi. Nikimpigia nikimwambia shikamoo, anaitika marahaba, haongezi neno. Mwajuma haitiki kabisa, na sina wa kumlaumu.

Kompyuta siigusi tena. Simu ikiita napokea, hata kama nina sabuni usoni, hata kama sina jibu. Leo nina gesti ya vyumba kumi na viwili Mikumi, nyumba ya kupangisha Mabwerebwere, mashine ya kusaga, trekta moja zima na moja bovu, shamba la mpunga na mahindi Zombo, na jiko ambalo dada yangu haingii.